Wimbo wa Mpishi wa Kambi

Nilinunua punda Mukuyuni, zamani hizo barabara bado ilikuwa vumbi tupu. Alikuwa punda wa kike, na mwenye kuniuzia alikuwa mama mmoja mjane ambaye alikuwa anauza vitu vyake vyote ahamie kwa binti yake. Aliniambia, "Huyu hana shida yoyote. Ila hatembei bila kuimbiwa." Mimi nikacheka. Nilidhani ni ile tabia ya soko, mtu akikuuzia kitu anakupa na hadithi juu yake kama nyongeza. Nikamfunga kamba, nikavuta. Punda amesimama. Nikaenda nyuma nikasukuma. Amesimama tu, ananiangalia na jicho moja.

Sasa watu wa Mukuyuni, ukiwapa kitu cha kuangalia, umekwisha. Walikuja mpaka wenye kuuza maembe wakaacha maembe. Mmoja akaniita, "Wewe mtu wa Kitui, si umeambiwa uimbe? Ama huko kwenu mnajua kulia tu, mkiomba mvua?"

Nikaimba. Wimbo wa kwanza ulionijia ulikuwa wa kanisa, wa kufunga ibada. Punda akageuza uso. Nikajaribu mwingine wa kanisa, wa furaha, wenye makofi. Wapi. Mwishowe yule mama mjane alinihurumia, akaja karibu, akaanza wimbo wa mwethya, yaani ile kazi ya pamoja ambapo wanawake wanachimba mitaro na matuta wakiimba. Ule wimbo hata hauna maneno ya maana, ni mmoja anaita na wengine wanaitikia. Punda akanyanyua mguu kama mtu aliyekumbuka kwamba amechelewa. Hivyo ndivyo nilivyotoka Mukuyuni, mwanamume mzima mwenye ndevu, naita na kujiitikia mwenyewe wimbo wa wanawake, mpaka mahali nilipopata lori la kutupeleka Kitui. Na kwa lori pia alikataa kupanda mpaka dereva akaitikia.

Yule punda alikaa kwetu Tulia miaka mingi. Kazi yake ilikuwa maji, kutoka mtoni, pale tunapochimba mchanga mpaka maji yatokee. Mimi na mke wangu tulichoka kuimba. Mtu hawezi kuimba kila siku, kuna siku umekasirika, kuna siku meno yanauma. Aliyempenda kabisa alikuwa kitinda mimba wetu, kijana wa mwisho. Huyo alizaliwa na mdomo. Alikuwa anamwimbia punda kwenda na kurudi, na nyimbo zikiisha anamtungia nyingine, anamtukana ndani yake, anamtaja masikio. Ulikuwa unawasikia wakiwa bado mbali, ukajua uweke moto, maji yanakuja. Majirani walisema huyu atakuwa mhubiri ama mtu wa kupiga mnada.

Akawa askari jeshi.

Sitasema mengi juu ya hiyo. Alikimbia mbio uwanjani Kitui na vijana wengine, wakampima kifua, wakamhesabu meno, wakamchukua. Tulichinja. Mama yake alilia kwa furaha na akalia kwa kitu kingine pia, na sikumwuliza. Alioa akiwa kazini, msichana wa Mukuyuni, tena mimi nikarudi Mukuyuni baada ya miaka hiyo yote, safari hii kupeleka mbuzi za ntheo. Hizo ntheo kwetu sisi Wakamba ndizo ndoa. Harusi ya kanisa ni nzuri, gauni ni zuri, lakini kama mbuzi za ntheo hazijafika kwa baba ya msichana, huna mke, una mgeni. Tulipeleka, zikapokelewa, tukala. Halafu kijana akapelekwa ng'ambo ya mpaka, vitani.

Alirudi mzima. Nataka hilo liwe wazi, kwa sababu kuna wenye hawakurudi na kuna wenye walirudi wamepungua. Wetu alirudi na mikono yote na miguu yote. Akamaliza muda wake jeshini, akaja nyumbani Tulia na mke na mtoto mdogo, akasema sasa yeye ni mkulima. Tukamshukuru Mungu kanisani mbele ya watu.

Lakini ule mdomo haukurudi.

Alikuwa anajibu tu. Ukimwuliza, "Umelala vizuri?" anasema, "Nimelala." Ukimwambia, "Ndengu zimeiva upande wa chini," anasema, "Sawa," na anaenda kuzichuma, na anazichuma vizuri. Kazi hakukataa. Kitu alichokataa ni kukaa mezani. Mke wake akipakua, yeye anasimama, anatoka nje. Baadaye anakuja jikoni, anakula kutoka kwa sufuria, kwa kijiko, amesimama, kama mtu anayeiba. Muthokoi ya mama yake, ile mahindi ya kukobolewa na maharagwe ambayo utotoni alikuwa analamba mpaka mwiko, alikuwa anaila amegeukia ukuta.

Na alirudi na muziki.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Alikuwa na spika ya rangi nyeusi, si kubwa, kama mkate, inayochajiwa na sola. Asubuhi akitoka kulisha mbuzi anaiweka juu ya tangi la maji na anafungulia. Mimi nimesikia muziki mwingi. Nimecheza benga za kwetu nikiwa kijana mpaka soli ya kiatu ikaachana na kiatu. Gita nalijua. Lakini lile gita lilikuwa kama mtu anakata mabati. Dramu zilikuwa zinaanguka kama mawe kutoka kwa tipa. Halafu mwimbaji, yeye hakuwa anaimba, alikuwa anapiga nduru.

Nitasema ukweli, mimi haikunisumbua sana. Sikio langu la kushoto halisikii tangu nyuki aliponiingia nikitoa asali, na nilikuwa nakaa nimeelekeza hilo upande wa tangi. Aliyeumia ni mke wangu. "Baba," ananiambia, "hii kitu itafanya kuku waache kutaga." Na kweli mmoja aliacha, lakini huyo alikuwa mzee.

Siku moja tukipiga ndengu, mimi na yeye, zimeanikwa juu ya turubai na tunazichapa na fimbo ili zitoke kwa maganda, nilimwuliza. Kazi ya kuchapa ni nzuri kwa kuulizana, kwa sababu hamwangaliani.

Nikasema, "Huyu mtu anapiga kelele juu ya nini?"

Akachapa kidogo. Akasema, "Ni roki."

"Roki ni nini?"

"Ni hiyo."

"Sawa. Na roki inasema nini? Ni juu ya wanawake?"

Nikaona kama anataka kucheka. "Zingine. Hizi zangu ni juu ya vita, Baba."

Sasa hapo nilisimamisha fimbo. Kwa sababu nyimbo za vita nazijua pia. Baba yangu mimi alipelekwa vita vya Wazungu, huko Burma, na alirudi na nyimbo, na alitufundisha. Zilikuwa nyimbo za kutembea, kushoto kulia. Zilisema juu ya viatu vipya, juu ya nyama ya mkebe, juu ya wasichana wa mahali meli iliposimama, na juu ya adui vile alikimbia. Zilikuwa tamu sana. Nimekaa nikazifikiria baada ya kuzeeka, na nimeona kwamba ndani ya nyimbo zote za baba yangu hakuna mtu hata mmoja aliyekufa. Wanaenda, wanakula, wanashinda, wanarudi. Na baba yangu mwenyewe, akisikia mlango umepigwa na upepo, alikuwa anamwaga chai.

Nikamwambia kijana hivyo. Akasikiliza. Akasema, "Hizo ziliimbwa na wenye walikuwa wanawatuma. Hizi ziliimbwa kwa sababu ya wale waliotumwa."

Hayo ndiyo maneno marefu zaidi aliyokuwa amesema tangu arudi. Nikaendelea kuchapa polepole nisimshtue. Akaniambia nyimbo kadhaa zinasema nini. Kulikuwa na moja ya mtu aliyeshuka basi kwao baada ya vita, na kila mtu anayemsalimia anamwuliza juu ya mvua, kama ilinyesha huko alikokuwa, na wimbo wote ni hiyo mvua tu, wanamwuliza, anajibu, mpaka mwishoni anapiga kelele lile jibu moja, ilinyesha, ilinyesha. Nyingine ya mama anayepiga pasi shati la kijana wake kila Jumamosi, na shati limeanza kuwa jembamba kwa ajili ya pasi, na mwenye shati hayuko. Na nyingine haikuwa na maneno kabisa. Alisema hiyo ni gita peke yake, na ukiisikiza utajua ni kitu kinachotoka juu na watu wako chini.

Nikamwuliza, "Na mbona wanapiga nduru? Si wangeimba tu vizuri watu wasikie?"

Akafikiri. "Baba, ukiimba vizuri, watu watacheza."

Na muziki huo hakuutoa mbali. Alikuwa na rafiki huko kambini, kijana wa Nairobi, ndiye alikuwa mtu wa roki. Huyo alikuwa anauweka kwa simu yake kila jioni na wetu alikuwa anamtukana, anamwambia zima hiyo mashine ya kusaga. Yule rafiki hakurudi. Simu ilienda kwao. Nyimbo wetu alizitafuta mwenyewe baadaye, moja moja.

Kama ningekuwa mtu wa kutangaza mambo ningeenda siku hiyo hiyo nikawaambia wote. Lakini aliniambia mimi, kwa turubai, na nikaona si yangu kubeba. Na kwa vile sikubeba, mambo yakaenda upande mwingine.

Mke wa kijana alivumilia, simlaumu. Alikuwa analala na mtu ambaye haongei, anaamka na mtu anayepigiwa nduru juu ya tangi. Halafu watu wa kanisa wakaanza. Si kwa ubaya. Walipita njia wakasikia, wakasema ile si sauti ya binadamu. Mmoja akasema, "Mtu hawezi kulia hivyo na asikohoe. Huyo ni pepo anatumia mdomo wake mwenyewe." Neno likatembea, na kabla ndengu hazijaisha kuuzwa lilikuwa limefika Mukuyuni kwa wakwe. Msichana akaitwa kwao "kusalimia." Akaenda na mtoto. Akakaa. Akaendelea kukaa.

Halafu mkwe wangu, baba ya msichana, akanipigia simu. Ni mtu mpole, ana shamba la machungwa, anaongea kama anayeogopa kuvunja simu. Tukasalimiana, tukaulizana mbuzi, tukaulizana mvua. Halafu akasema, "Mzee mwenzangu, nisamehe kwa hili. Kama hiyo kitu haitatoka kwako, mimi nitarudisha mbuzi."

Nikakaa juu ya jiwe la kunolea panga. Mtu asiyejua desturi yetu atasema, mbuzi mmoja ni nini? Lakini huyo mbuzi wa kurudishwa ni mbuzi wa kukataa. Siku akiingia uwanjani kwako ndoa imekufa, na hakuna hakimu wala mchungaji wa kuifufua. Akikanyaga kwangu, kijana wangu hana mke, na mtoto anakua kwa watu.

Nikamwambia kijana. Alikuwa anafunga ua. Akasema, "Sawa." Lakini mikono yake iliacha kufunga, na ule mti aliokuwa ameushika ukaanguka na hakuuokota.

Wakwe hawakuwa na haraka ya ubaya. Walipanga kwanza waje na mtumishi wa Mungu aombe. Mwinjilisti huyo alikuwa anaishi mji mmoja wa barabara ya Mombasa, asili yake ni watu wa kati huko juu kwenye baridi, Kikamba hakujua hata cha kuomba maji. Alikuwa amewaombea watu wengi huko Makueni, upande wa wakwe, na alikuwa anasifiwa kwa sababu alikuwa anakemea mapepo kwa Kiingereza. Watu wanaamini Kiingereza kinawashtua zaidi. Sijui ni kwa nini. Pengine na wao mapepo waliwahi kuwa shuleni.

Sasa mhubiri wa Kiingereza lazima awe na mkalimani, na kwetu mkalimani ni mmoja, mwalimu wa nasari, shule ya watoto wadogo. Ni mama mfupi, sauti yake inafika mtoni. Kazi hiyo ameifanya miaka na haifanyi nusu. Mhubiri akiruka, anaruka. Mhubiri akinong'ona, ananong'ona. Kuna mgeni mmoja alipaliwa na vumbi katikati ya mahubiri akakohoa, na mwalimu akakohoa, kwa utaratibu, mara zile zile, na kanisa likasema amina. Hajali kama jambo analoligeuza linamfurahisha ama linamchoma. Yeye ni kama daraja, wewe pita.

Wakaja asubuhi, jua likiwa bado zuri. Mkwe wangu na kofia yake, msichana na mtoto mgongoni, mwinjilisti na suti ya kijivu na jasho. Na wanawake wa kanisa letu wakaja pia, walisema ni kuitikia nyimbo, lakini mimi najua mtu akija kuona. Tulikaa nje. Mkwe kwa desturi haingii hovyo nyumba ya watoto, kwa hivyo viti viliwekwa uwanjani, upande wa wanaume na upande wa wanawake. Msichana alikaa na wanawake. Hakumwangalia mume wake, na mume wake alikuwa anaangalia viatu vyake, amevipaka rangi.

Mwinjilisti akaomba, mwalimu akageuza. Akaimba, mwalimu akageuza. Halafu akatoa koti, na tukajua sasa ndiyo kazi. Akasema kitu kwa Kiingereza akinyoosha kidole kwa spika, na mwalimu akanyoosha kidole vile vile, akasema kwa Kikamba, "Hatutapigana na adui aliyejificha! Leo ataongea! Acheni aongee, halafu tutamfunga!"

Mke wangu akaniambia kwa sikio zima, "Anataka iwashwe? Huyu ameletwa amalize kuku wangu?"

Kijana akasimama. Akaenda kwa tangi, akashika simu yake, ile inayopeleka nyimbo kwa spika, akatafuta. Alitafuta muda. Nilifikiri atachagua ya polepole atuokoe. Akaweka moja, akarudi akakaa.

Ikaanza na gita moja, chini, kama mtu anayejaribu kamba. Halafu mwimbaji akaanza, hata hakuwa anapiga kelele, alikuwa anaongea tu. Ni Kiingereza. Na mwalimu wa nasari, ambaye siku hiyo aliitwa kugeuza Kiingereza, na Kiingereza ndicho hicho kimekuja, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Maji yamechemka," akasema.

Sisi tukamwangalia.

"Nimepima mchele wa watu wote. Asubuhi wamenitania, wakasema mpishi, leo chumvi punguza. Nimepunguza."

Mwinjilisti akamgeukia. Lakini mwalimu hamwangalii mtu akifanya kazi. Huwa anaangalia juu ya mlango wa kanisa, na hapo hakukuwa na kanisa, akawa anaangalia juu ya mti wa mwarubaini.

"Nimepanga sahani juu ya mbao. Kila mtu na sahani yake, naijua kwa mkunjo wake. Nasikia gari. Gari linarudi. Gari linarudi likiwa jepesi."

Hapo ndipo dramu zilipoanguka na yule mtu akapiga nduru, na mwalimu, ambaye hafanyi nusu, akapiga nduru pia, mishipa ya shingo imetoka, "Njooni mle! Njooni mle! Chakula kinapoa!"

Mtoto akaamka akalia. Mwinjilisti akaruka mbele ya spika na mikono juu, akapaza sauti kwa Kiingereza, na mwalimu bila kupumua akageuza na hiyo, "Simama! Nakuamuru usimame, toka ndani yake!" na mara moja akarudi kwa mwenye spika, "Njooni mle! Nimeita majina yenu kwa mlango!" na mama mmoja wa kanisa ambaye hakujua tena ni nani anasema nini akajibu, "Amina!" na mwingine, "Aiya, mwaitu, mama yangu, watoto wa watu!"

Ikawa hivyo. Yule wa spika analia, wa suti anakemea, na mwalimu anawabeba wote wawili kwa mdomo mmoja, mpaka wa suti akanyamaza kwanza. Gita likabaki peke yake. Hakukuwa na la kugeuza, lakini mwalimu hakushusha mkono. Alisimama ameuinua, na gita lilikuwa linarudia kitu kimoja, kimoja, kama mwiko unaogonga sufuria.

Halafu yule mtu akaongea tena, chini.

"Wamekuja kuniambia nimwage," akasema mwalimu, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Sijamwaga. Nimefunika. Nimefunika sahani moja moja."

Spika ikanyamaza.

Hakuna aliyesema amina. Wanawake wale waliokuja kuona walikuwa na leso machoni. Wengi wao wamewahi kupika chakula kikabaki.

Mkwe wangu ndiye aliongea. Alikuwa amevua kofia, sijui saa ngapi. Akamwambia kijana, na desturi yake ni kutomwangalia usoni mkwe wake, lakini alimwangalia, "Baba, wewe ulikuwa mpishi huko?"

"Hapana," kijana akasema. "Huo wimbo ni wa watu wa mbali, na vita vyao. Hawatujui." Nikafikiri amemaliza, kwa vile nimemzoea. Halafu akaendelea. "Mimi nilirudi na gari. Tulikuwa wachache. Mpishi wetu alikuwa amepika ya wote. Akatuambia tule, tusiache, ni dhambi kumwaga chakula. Nikapewa sahani ya rafiki yangu. Ilikuwa na nyama mbili, kwa sababu alikuwa anampenda. Nikakula."

Mke wake akasimama kule upande wa wanawake. "Na mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nilishiba?"

Hakuna kitu kibaya alichosema msichana, lakini kijana alianza kulia, na alilia kwa sauti, na nitakuambia kitu ambacho pengine hakistahili kusemwa na baba: nilifurahi. Moyo wangu ulitulia kama mtu aliyetua gunia. Kwa sababu ile ilikuwa sauti yake. Sauti ile kubwa ya kutoka mtoni. Msichana alivuka uwanja, akapita katikati ya wanaume bila kuomba njia, akakaa chini kando ya kiti cha mume wake, akamwekea mtoto magotini, na mtoto akamshika sikio.

Mkwe wangu akavaa kofia. Akamwambia mwinjilisti, na alimwambia kwa Kiswahili ili asihitaji daraja, "Mtumishi, asante kwa safari. Lakini huyu pepo mimi simjui. Wale ninaowasikia wakitajwa hawalilii watu." Halafu akanigeukia mimi. "Mzee mwenzangu, yule mbuzi ananona vizuri huko kwangu. Nafikiri nitamwacha."

"Mwache anone," nikasema. Mke wangu tayari alikuwa anaelekea jikoni na wanawake wawili nyuma yake, anauliza kwa sauti ni nani ameketi juu ya ungo wake.

Basi akabaki mwinjilisti. Alikuwa amesimama pale pale mbele ya tangi na koti mkononi. Hakuwa mtu mbaya, nataka niseme hivyo. Alikuwa mtu aliyekuja na funguo, akakuta nyumba haina mlango wa aina hiyo. Mwalimu wa nasari alijipangusa uso, akasimama wima kando yake, akakunja mikono, akamwambia, "Mtumishi, endelea. Niko tayari."

Akafungua mdomo, akaufunga. Akamwinamia mwalimu, akamnong'oneza kitu kwa Kiingereza, cha wao wawili tu. Na mwalimu, ambaye hana la wao wawili, akatutazama sote, akanong'ona kwa Kikamba, lakini nong'ono lake linajulikana, "Anasema hajui sasa aseme nini."

"Amina," wakasema wanawake kutoka jikoni.

Mwinjilisti akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona meno. Akatikisa kichwa, akavaa koti lake mkono mmoja baada ya mwingine, na nikamwita, "Mtumishi, kuna chai, kuna chapati, keti." Akanipungia. Akapita kando ya tangi, akapita kando ya ua ambao haujamalizwa kufungwa, akashika njia ya kwenda sokoni Tulia kwa miguu, jua lote hilo, hakungoja hata boda boda, na hajarudi.